Nne na tatu zinapogoma: kwa mama wa Katuba aliyeuliza kuhusu sorobani

Swali: “Mwalimu, jambo. Mimi ni mama, naishi Katuba, hapa Lubumbashi, nauza unga soko la mtaa wetu wa Kenya. Mdogo wangu alirudi safari na ubao wa shanga wa Wajapani, sorobani, akampa mtoto wangu wa miaka minane, yuko mwaka wa tatu wa primeri. Mtoto anaupenda, na namba anazipanga vizuri. Ila tulipofika nne na tatu tulikwama sisi wote. Shanga za chini ni nne tu, hizo tatu nyingine nazitoa wapi? Tena mwalimu wake shuleni alimkataza. Anasema mtoto atazoea shanga, na bila shanga hataweza kitu. Ni kweli? Halafu ubao ni mmoja, na watoto nyumbani ni watatu. Nifanye nini?”

Mama, jambo sana. Nimefurahi kwamba umenionyesha mahali penyewe mlipokwama, maana watu wengi huniuliza tu kama sorobani ni nzuri au mbaya, na swali hilo halina mlango wa kuingilia. Nimefundisha hesabu watoto wa Lubumbashi miaka mingi, na karibu kila mtoto niliyemwekea sorobani mbele alisimama palepale, kwenye nne na tatu. Hamjakosea kitu. Kabla ya hapo mlikuwa mnazoeana na ubao, sasa ndiyo mnaanza kujifunza.

Tupatane kwanza kwenye majina. Boriti ni ule mti uliolala katikati na kuugawa ubao juu na chini. Kila kijiti kina ushanga mmoja juu ya boriti na shanga nne chini yake. Wa juu ni tano, kila wa chini ni moja, na ushanga unahesabiwa pale tu unapoigusa boriti. Ulio mbali na boriti umelala, hauna thamani. Kwa hiyo kijiti kimoja kinabeba kuanzia sifuri mpaka tisa, basi. Kijiti kinachofuata kushoto ni makumi, kingine mamia, na kuendelea. Vile vitone unavyoviona kwenye boriti viko kila kijiti cha tatu; chagua kijiti kimoja chenye kitone kiwe cha mamoja yako na usikibadilishe katikati ya hesabu.

Sasa nne na tatu. Mtoto amepandisha shanga zote nne za chini. Anataka kuongeza tatu, na chini hakuna kilichobaki. Hapo, Mama, sahau ubao kidogo, rudi kwenye meza yako ya unga. Mteja anatakiwa akulipe falanga mia tatu. Hana noti ndogo. Anakupa noti ya mia tano. Unafanya nini? Unaipokea, unamrudishia mia mbili. Hukuumia kichwa, hukuhesabu vidole, na mia tatu yako imeingia.

Ndiyo sorobani yote hiyo. Ushanga wa juu ni noti ya mia tano. Mtoto anataka kuongeza tatu na hana tatu ndogo, basi anapokea tano na kurudisha mbili: anateremsha ushanga wa juu hadi boriti, kisha anashusha shanga mbili za chini. Tazameni kilichobaki: tano juu, mbili chini. Saba.

Fanyeni hivyo mara ishirini, mkisema kwa sauti: “Tatu sina, napokea tano, narudisha mbili.” Msemo huo una kazi kubwa kuliko unavyoonekana. Mtoto asiyesema huanza kubahatisha kwa macho, na macho yakizoea kubahatisha ni shida kuyarudisha.

Hapa nataka nikuonye juu ya kosa moja, kwa sababu wazazi wenye mapenzi ndio wanaolifanya sana. Mtoto akikwama, mzazi humwambia: “Hesabu tu, nne, tano, sita, saba. Ni saba. Haya, weka saba.” Mtoto anaweka saba, jibu ni sahihi, kila mtu anafurahi. Lakini mtoto amehesabu kwa vidole kichwani halafu ameutumia ubao kama karatasi ya kuandikia jibu. Akiendelea hivyo mwaka mzima atakuwa na ubao mzuri na vidole vilevile. Kwenye sorobani mtoto hatakiwi kujua jibu kabla mkono haujamaliza. Mkono unafanya mabadilishano, jibu linajitokeza lenyewe, na mtoto analisoma. Ukiona midomo yake inahesabu moja-moja, msimamishe kwa upole na umrudishe kwenye “napokea tano”.

Mabadilishano ya kujua kwa moyo ni machache mno. Mimi nayaita wenzi. Wenzi wa tano ni moja na nne, mbili na tatu. Wenzi wa kumi ni moja na tisa, mbili na nane, tatu na saba, nne na sita, na tano na tano mwenzake. Jozi saba tu! Kwa jozi hizo saba mtoto anajumlisha na kutoa namba yoyote, hata ya mamilioni. Zile za tano mpe wiki nzima peke yake, bila ubao. Mnapochambua maharage wewe taja “tatu!”, yeye ajibu “mbili!”, taja “moja!”, ajibu “nne!”. Asipojibu papo hapo, bado. Zikikaa ndipo muingie za kumi.

Za kumi ni biashara ileile, ila noti ni kubwa na inakwenda kwenye kijiti cha jirani. Mteja anatakiwa kukupa mia saba, anakupa elfu moja, unamrudishia mia tatu. Kuongeza saba wakati kijiti kimejaa ni kurudisha tatu hapa, kisha kupandisha moja kushoto. Fuateni mpangilio huo: kwanza mkono unatoa mwenzi kwenye kijiti chenyewe, kisha unapeleka moja kwa jirani. Ukigeuza, kupeleka kwanza na kutoa baadaye, mkono unarudi nyuma kila mara, na mtoto akikatizwa katikati hajui tena kama ameshatoa.

Kuna hatua moja ambayo itawasumbua tena, na ni bora uijue mapema. Ni sita na saba. Sita kwenye kijiti ni ushanga wa juu na mmoja wa chini. Kuongeza saba, unataka kurudisha tatu. Lakini chini kuna moja tu! Rudi sokoni tena. Unatakiwa umrudishie mteja mia tatu, na kwenye sanduku una noti ya mia tano moja na ya mia moja. Unampa ile mia tano, yeye anakuongezea mia mbili. Basi: pandisha shanga mbili za chini, ondoa ile ya juu, peleka moja kushoto. Chini zimekuwa tatu, kushoto kuna moja. Kumi na tatu. Ni mabadilishano mawili ndani ya pumzi moja, na mtoto wa miaka minane anaweza. Nimewaona wengi wakiweza, ila huchukua siku, si dakika, na mzazi akipandisha sauti siku hiyo, mtoto huuficha ubao chini ya kitanda.

Vidole navyo vina sheria. Kidole gumba kinapandisha shanga za chini, na hiyo ndiyo kazi yake pekee. Kidole cha shahada kinashusha za chini, tena kinateremsha na kuinua ya juu. Utaniambia hilo ni pambo. Si pambo, Mama. Baadaye ubao utaondolewa, na kitakachobaki ni kumbukumbu ya mkono. Mkono uliofanya kila siku kwa namna yake hauna cha kukumbuka.

Jambo jingine litakalowagonganisha na daftari la shule: kwenye sorobani tunaanzia kushoto, kwenye namba kubwa. Shuleni mtoto anapanga namba wima na kuanzia kulia, kwenye mamoja. Njia zote mbili ni sahihi. Tazama hii ya kwako: umeuza unga wa falanga 3,500, kisha wa 1,800, kisha wa 2,700. Acha sifuri mbili za mwisho zilale, tunashughulika na maelfu na mamia tu. Weka tatu kwenye maelfu, tano kwenye mamia. Ongeza elfu moja: maelfu yamekuwa manne. Ongeza mia nane: mwenzi wa nane katika kumi ni mbili, narudisha mbili. Mamia yana ushanga wa juu peke yake, hivyo naondoa tano na kuongeza tatu, zinabaki tatu. Napeleka moja kwa maelfu. Maelfu ni manne, chini kumejaa, napokea tano narudisha nne: tano. Soma: 5,300. Sasa elfu mbili: maelfu saba. Mia saba: narudisha tatu, mamia yamekwisha, napeleka moja, maelfu nane. 8,000. Mteja akikupa noti ya elfu kumi, mwenzi wa nane ni mbili. Chenji yake umeshaiona kabla hujafungua sanduku.

Umeona kwamba mkono ulifuata mdomo? Unasema “elfu tatu, mia tano”, unaweka elfu kwanza, halafu mia. Wakati mtu anazitaja, wewe unaweka. Akimaliza kusema, nawe umemaliza kuhesabu. Kwa biashara ya kusimama mbele ya mteja hiyo ni nafuu kubwa.

Na hapa kuna kitu kinachonigusa moyo kila nikikifundisha, niruhusu nikikalie kidogo. Mtoto wa Katuba anazijua namba kwa ndimi kadhaa. Shuleni, kwa Kifaransa, anasikia *septante-deux*. Kwenye kitabu cha Kiswahili sanifu anasoma sabini na mbili. Nyumbani na sokoni anasikia “makumi saba na mbili”. Watu waliosoma humcheka mtoto anayesema makumi saba, wanasema si Kiswahili kizuri. Lakini Mjapani anaitaje sabini na mbili? *Nana-juu-ni*: saba, kumi, mbili. Ni namna ileile ya bibi yako. Neno “makumi saba” linamwonyesha mtoto kijiti cha kuwekea na shanga za kuweka. Neno “themanini” halimwambii kwamba ndani kuna nane. *Quatre-vingts*, themanini ya Kifaransa, linamwambia nne na ishirini, ambazo kwenye ubao hazipo. Kwa hiyo mnapokuwa kwenye sorobani, semeni makumi nane, makumi tatu na sita, bila aibu. Shanga zikishakaa, ndipo umuulize: “Na shuleni hiyo mnaiitaje?” Atajibu, na safari hii atakuwa anajua anachokitaja.

Nije kwa mwalimu wa shule. Hofu yake si ya kijinga, usiidharau. Ameona watoto waliopewa simu wanavyoshindwa kutoa kumi na saba kwenye arobaini siku umeme umekatika na chaji imekwisha. Anadhani sorobani ni simu ya mbao. Tofauti iko hapa: simu inafanya hesabu na kumpa mtoto jibu, wakati sorobani haifanyi hesabu yoyote. Haijui kuwa nne na tatu ni saba, kama ulivyojionea mwenyewe. Inashika tu kile ambacho mtoto ameamua. Kila hatua mtoto ameifanya yeye, kwa kidole chake, na ndiyo maana inamwingia.

Na bila shanga? Nikuhadithie ya baba yangu. Wajapani walichimba shaba Musoshi, karibu na Kasumbalesa, miaka ya 1970, kabla hawajaondoka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baba alikuwa karani wa stoo huko. Mjapani aliyefanya naye kazi alikuwa na sorobani mezani, akamfundisha wakati wa mapumziko, na siku ya kuagana akamwachia. Tulipohamia Lubumbashi ubao ulipotea njiani pamoja na mizigo mingine. Baba aliendelea kuhesabu. Alikuwa akiketi, mkono wa kulia juu ya goti, kidole gumba na cha shahada vikicheza kwenye suruali, halafu anataja jumla. Sisi watoto tulimfuatisha kwa kalamu, tukichelewa kila mara. Ubao haukuwepo tena, ila yeye alikuwa akiuona.

Wajapani wana jina la hesabu hiyo ya kichwani, *anzan*, na ndilo lengo la mafunzo yote. Mtoto akishazoea, anaiona sura ya shanga akiwa amefumba macho, na vidole vinasogea hewani. Usimkataze kusogeza vidole. Watafiti wa Japani waliolichunguza jambo hili tangu miaka ya 1970 waliona kwamba mwanafunzi aliye katikati ya safari akizuiwa vidole anaharibikiwa, wakati bingwa hahangaiki. Vidole vitatulia vyenyewe.

Mwambie mwalimu pia kisa kimoja cha kweli, atakipenda. Mwezi wa Novemba 1946, huko Tokyo, palifanyika shindano kati ya sorobani na mashine ya umeme ya kuhesabia. Kwenye shanga alikaa Kiyoshi Matsuzaki, mfanyakazi wa wizara ya mawasiliano ya Japani. Kwenye mashine alikaa Thomas Nathan Wood, askari wa jeshi la Marekani. Sorobani ilishinda nne kwa moja, ikashindwa kwenye kuzidisha peke yake. Hata baadaye, mashine ndogo za mfukoni zilipoenea, Wajapani wengi hawakuziamini upesi: mwaka 1979 kampuni ya Sharp ilitengeneza kikokotoo kilichounganishwa na sorobani ndogo pembeni, mtu ahakikishe kwa shanga kile ambacho mashine imesema.

Lakini sitaki nikuuzie dawa ya magonjwa yote. Wako wanaotangaza kwamba sorobani inamfanya mtoto awe na akili kupita wenzake katika kila kitu, na wanatoza dola kwa maneno hayo. Katika mji wa Vadodara, India, watafiti waliwafuata watoto wa primeri miaka mitatu. Wengine walifundishwa sorobani ya kichwani, wengine wakapewa masaa yaleyale ya hesabu za kawaida. Matokeo yalichapishwa 2016: waliojifunza shanga walikuwa bora kwenye hesabu; kwenye uwezo mwingine wa akili, kama kumbukumbu, hawakuwapita wenzao. Mimi hilo linanitosha. Nataka mtoto wako ajue kujumlisha na kutoa bila hofu. Ahadi nyingine siwezi kuzisimamia.

Tena kuna kitu sorobani haitamfanyia: jedwali la kuzidisha. Ubao haujui saba mara nane. Mtoto lazima awe na hamsini na sita moyoni, ndipo aiweke. Wajapani nao hulikariri, wakiwa mwaka wa pili wa shule, na jedwali lao wanaliita *kuku*, yaani tisa-tisa, kwa sababu ya mstari wake wa tisa mara tisa. Mwambie mtoto kwamba huko Japani watoto wanakariri kuku. Hatalisahau neno hilo kamwe, na huenda jedwali likafuata. Kuzidisha kwa sorobani kuacheni mpaka kujumlisha na kutoa kumekuwa kama kupumua.

Ushauri wangu kuhusu shule ni huu: ubao ubaki nyumbani. Darasani afuate njia ya mwalimu, apange wima, aanzie kulia, aandike cha kuhifadhi. Hata Japani kwenyewe shule ya primeri hugusa sorobani masaa machache tu, mwaka wa tatu na wa nne. Wanaotaka kubobea huenda kwenye madarasa ya jioni. Nenda umwone mwalimu wewe mwenyewe, siku ambayo hana haraka, umwombe ampe mtoto mafungu matano ya kujumlisha bila ubao. Fanya hivyo baada ya miezi mitatu, usiende kesho.

Sasa watoto watatu na ubao mmoja. Usinunue kitu. Vunja boksi la biskuti, kata kipande cha ukubwa wa daftari lililofunguliwa. Chora mstari mmoja mnene wa kulala, karibu zaidi na juu kuliko chini. Kisha chora safu tano za kusimama. Kila safu ipate haragwe moja juu ya mstari na manne chini yake. Maharage ishirini na matano yanakupa ubao wa kufika 99,999. Lililosogezwa hadi kwenye mstari linahesabiwa; lililo mbali limelala. Hata hilo neno la Kifaransa *calcul*, yaani hesabu, wanaloliandika kwenye daftari zao limetokana na neno la Kilatini la kokoto ndogo, kwa sababu watu wa kale walihesabu hivyo hivyo, kokoto juu ya mistari. Ubaya wa maharage ni kwamba yanateleza mtoto akikohoa. Kwa wiki za kwanza yanatosha kabisa.

Wakishapenda, tafuta ndala zilizokwisha na spoku tano za baiskeli. Kata vipande vya duara kwenye ndala, vinene kama kidole cha mtoto, uvitoboe kwa msumari wa moto. Spoku moja ukiikata katikati inatoa vijiti viwili. Utatumia tisa, cha kumi kiwe cha akiba. Seremala yeyote wa mtaani atakutobolea vipande vitatu vya mbao: cha juu, cha chini na boriti. Acha nafasi ya ushanga mmoja wazi kila upande, juu na chini, ili zipate pa kulala. Ndala ina faida kuliko shanga za kioo: inashika spoku, haisogei bila kusukumwa. Kioo huteleza chenyewe ukiinamisha ubao kidogo tu, na jibu linakimbia.

Usiongeze shanga ya tano chini kwa kudhani unawasaidia. Zamani sorobani ilikuwa na tano chini, kwa sababu ilitoka kwenye ubao wa Kichina wenye mbili juu na tano chini, uliofika Japani karne ya 16. Wajapani walipunguza moja juu, baadaye moja chini, na ubao wa nne ukaenea katika karne ya 20. Jicho la binadamu linaona vitu vitatu, vinne, bila kuvihesabu. Vikizidi linaanza kuhesabu moja-moja. Kwa sababu hiyohiyo ule ubao wa shule ya chekechea wenye shanga kumi kila waya haufai kwa kazi hii.

Ubao wenyewe wa mbao uwe na zamu. Mmoja anataja namba, mmoja anasogeza shanga, wa tatu anatazama vidole tu na kupiga meza akiona gumba limeshusha au shahada imepandisha ushanga wa chini. Baada ya mafungu matatu wanabadilishana. Huyo wa tatu anajifunza sana, usidhani amekaa bure. Robo saa kila jioni kabla ya bukari (ugali), yatosha. Saa mbili za Jumamosi peke yake hazisaidii kitu.

Kufunika ubao kwa kitambaa nakushauri usubiri. Mimi huwa sifuniki mpaka mtoto ajumlishe mafungu kumi ya namba za tarakimu mbili bila kosa, siku tatu mfululizo. Siku hiyo ikifika, anza tena chini kabisa, tarakimu moja moja: aangalie ubao, aufunike, useme “ongeza tatu”, asogeze vidole juu ya kitambaa, aseme jibu, afunue aone.

Wewe mwenyewe pia jifunze, Mama. Mabadilishano unayafanya siku nzima kwa noti. Mikono yako itatangulia ya watoto.

Wakishamaliza wenzi wa kumi, wape fungu hili: 27, ongeza 38, ongeza 45, ongeza 16. Jibu ni 126. Likitoka 116, mtoto amesahau kupeleka moja kushoto mara moja, ama alipoongeza nane ya 38 ama tano ya 45; mrudishe hapo tu, usimwanzishe upya. Likitoka 106, amesahau mara zote mbili. Likitoka jingine kabisa, niandikie namba iliyotoka, nitakuambia mkono wake ulikosea wapi.